Pikapu Iliyoangalia Juu

Simu ilinikuta chini ya lori la mchanga, hapa gerejini kwangu Kisii mjini, nimelalia gunia na mikono imejaa grisi. Nina miaka hamsini na minane na watoto wangu wananiambia niache kulala chini ya magari ya watu, lakini mimi na kuambiwa hatujawahi kupatana. Nilibonyeza simu kwa kiwiko. Alikuwa Kemunto wa Nyaramba. Aliniambia kwamba Tata, yaani baba yake, mzee Ombati, amefariki, na kwamba mazishi ni Alhamisi. Kabla sijapata neno la kumpa pole akaongeza jambo lililonitoa chini ya lori lile mara moja. Mzee aliacha maagizo kwamba mwili wake utolewe mochari kwa pikapu yake mwenyewe, na sasa pikapu ilikuwa imekataa kuwaka kwa baridi. "Tata alisema ikikataa, fundi mwingine asiiguse," alisema. "Alisema aitwe Bosibori."

Bosibori ni mimi. Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikaitazama simu. Pikapu ile niliishi nayo mwaka mmoja tu, miaka thelathini na sita iliyopita, na tangu wakati huo nimefungua injini nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini mpaka leo, nikisikia stata ya gari lolote inazunguka asubuhi bila injini kushika, iwe ni sokoni au kwa jirani, nasimama pale nilipo mpaka iwake. Wanangu huniambia mama ana wazimu wa kazi. Sijawahi kuwaambia kwamba ni woga. Kemunto huyu aliyenipigia simu amepewa jina la mama yake, na mama yake ndiye ninayemsikia ndani ya mlio ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza umakanika katika chuo cha kijiji, msichana peke yangu darasani, na kule kwetu Marani kila gereji niliyobisha hodi ilinipa ufagio badala ya spana. Aliyenichukua ni Fundi Saidi, Mwislamu wa Kisii mjini aliyekuwa amefungua gereji sokoni Nyaramba. Alikuwa mtu mwembamba wa kofia safi, na sijui aliwezaje kuiweka safi kofia ile katikati ya mafuta machafu. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao, si kama hiki chetu cha kufundishwa kwa kiboko, na alinisahihisha spana na sarufi kwa pumzi moja. Yeye ndiye aliyenitafutia pa kulala kwa mteja wake Ombati, mkulima wa chai na ndizi, mlimani juu ya soko. Nilipewa chumba kilichopakana na jiko. Nusu yake ilikuwa ya ndizi zilizofunikwa magunia, na nusu yangu ilikuwa kitanda na msumari wa kutundikia nguo. Nililala nikinusa ndizi zikiiva na kuamka nikinusa moshi wa jiko, na baridi ya kule ilinishangaza mimi mtu wa Marani, kwa maana iliingia mpaka kwenye meno.

Mke wa Ombati, huyo Kemunto wa kwanza, alikuwa amenizidi miaka sita tu. Alikuwa na kicheko kikubwa kisicholingana na mwili wake mdogo, na alinilisha kama mtu anayenenepesha mbuzi. Obokima, yaani ugali wa wimbi, na chinsaga, mboga chungu za kwetu, zilizolala usiku kucha kwenye maziwa, kisha "ongeza kidogo, hata fundi ana tumbo." Alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo alikuwa amepoteza mtoto, na damu ilikuwa nusura imchukue yeye pia, kwa sababu walifika hospitalini wakiwa wamechelewa. Safari hii muuguzi wa kliniki alimwambia waziwazi: uchungu ukianza, hata kama unaonekana wa mzaha, asingoje, aende Nyamira mara moja. Mtoto alitarajiwa mwezi wa nane. Kwenye mlima ule wote gari lilikuwa moja tu, pikapu ya Ombati, nzee, ya dizeli, rangi yake ya bluu imebabuka. Na asubuhi za baridi pikapu ile ilikuwa na kiburi cha bibi harusi.

"Bosi," Kemunto aliniambia siku moja tukimenya ndizi, "daktari wa kunizalisha yuko Nyamira. Wa kunifikisha kwake ni wewe. Hiyo gari ikikataa siku yangu, nitakuja kukusumbua." Alicheka. Nami nilicheka. Hata leo siwezi kumenya ndizi mbichi bila kusikia sentensi hiyo ya mwisho, na amekuwa mtu wa kutimiza ahadi.

Kila asubuhi kabla ya chai yetu kulikuwa na chai ya gari, ndivyo Kemunto alivyoiita. Alichemsha birika la maji, akatoka nalo uani huku tumbo limemtangulia, Ombati akayamwaga kwenye mabomba ya injini huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Kisha aliondoa jiwe kwenye gurudumu, akaliacha gari literemke kuelekea barabarani, akaachia klachi, nalo likakohoa na kuwaka. Watu wote wenye magari milimani kwetu hufanya hivyo. Hulazi gari pua ikiangalia juu. Unaligeuza usiku uliotangulia, pua ichungulie bonde, na asubuhi mteremko unakufanyia kazi ya betri. Ni desturi nzuri, ila ina ubaya mmoja ambao nilikuja kuuelewa baadaye: gari linaloteremshwa kila siku halitibiwi kamwe, kwa sababu kila mtu analiona lizima.

Fundi Saidi alinifundisha kuuliza kabla ya kufungua. "Stata ikizunguka vizuri na moshi hautoki, dizeli haijafika," alisema. "Moshi mweupe ukitoka na haliwaki, dizeli imefika ila imekosa joto. Tazama bomba la moshi kabla hujashika spana." Tulianza na betri. Tukasafisha vichwa vyake kwa maji moto na magadi mpaka vikang'aa. Tukapima hita plagi, vile vijiti vinavyopasha injini joto kabla haijawaka, na tukakuta viwili vimekufa. Tukavibadilisha. Mwezi wa nne na wa tano pikapu iliwaka vizuri, Ombati akanipigia makofi uani kama mhubiri, nami nikavimba kichwa. Kisha ukaja mwezi wa sita, ukungu ukakaa mpaka saa tatu, na ugonjwa ukarudi. Safari hii asubuhi nyingine iliwaka mara moja na asubuhi nyingine ilizunguka, ikazunguka, na bomba la moshi likabaki kavu kabisa.

Fundi Saidi hakuwahi kuyaona hayo kwa macho yake. Gari lilipofika kwake sokoni lilikuwa limeteremshwa, limepata moto, limesahau ugonjwa wake. Mimi ndiye niliyekuwa nalala nalo ukuta kwa ukuta. Nikachukua daftari nikawa naandika kila alfajiri: baridi ilikuwaje, moshi ulitoka au haukutoka. Kupitia ukuta nilimsikia Ombati akimwuliza mkewe, "Huyu msichana anaandika nini kila siku?" Kemunto akajibu, "Anaandika vile gari yako inalala." Wakacheka wote wawili taratibu, kicheko cha watu waliooana vizuri. Sijui kama aliyasema kwa mzaha, lakini alinipa jibu. Siku ile ile nilianza kuandika gari limelalaje.

Ndani ya wiki tatu jambo lilikuwa wazi kwenye karatasi. Siku ambazo Ombati alirudi na mzigo, akaingia moja kwa moja na kuliacha gari pua ikitazama nyumba, yaani juu, asubuhi lilikataa bila moshi, na ilibidi vijana wa jirani waitwe walisukume na kuligeuza. Siku ambazo pua ilitazama bonde, liliwaka. Nikatandika jani la mgomba chini ya injini, na asubuhi za pua chini nikakuta tone moja au mawili ya dizeli juu yake, pale chini ya chujio la dizeli. Nilikaa nikalitazama tone lile mpaka chai yangu ikapoa. Panapotoka dizeli ndipo panapoingia hewa. Mpira wa duara unaoziba chujio ulikuwa umezeeka, na baridi iliusinyaza zaidi. Gari likitazama chini, tangi la nyuma lilikuwa juu ya injini, kwa hiyo dizeli ilibaki mahali pake na kudondoka kidogo tu. Likitazama juu, dizeli yote ilirudi tangini usiku na hewa ikachukua nafasi yake. Mchana mpira ulipata joto, ukaziba tena, ukajifanya mtakatifu.

Nilimkimbilia Fundi Saidi na daftari langu. Alisoma, akakuna ndevu. "Umesema vizuri," alisema, "lakini mimi sijaona. Huenda ni hiyo, huenda ni pampu. Nikiagiza mpira Kisii nawe umekosea, tutakuwa tumepoteza siku na mama wa watu anangoja. Nionyeshe." Nilikasirika. Nilijua angemwamini mvulana yeyote kwa jani lile la mgomba. Leo, nikiwa na mafundi wangu mwenyewe, najua alisema sawa, na mimi pia ningesema hivyo. Angalau ningependa kuamini kwamba hasira yangu ilikuwa na haki kidogo, maana ndiyo iliyonipeleka nilikoenda.

Nilitaka gari lilale pua juu siku mbili bila kuguswa, katika baridi kali, kisha Fundi Saidi aje alione kwa macho yake. Lakini Ombati alilihitaji kila siku, isipokuwa moja. Nyumba ile ilikuwa ya watu wa Sabato. Ijumaa jua likikaribia kuzama, kuni zilikuwa zimepasuliwa, chakula kimepikwa, ua umefagiwa, gari limeoshwa, na kuanzia hapo hakuna aliyewasha injini mpaka jua la Jumamosi lizame. Kanisani walienda kwa miguu. Nilipiga hesabu yangu ya kijinga: Ijumaa jioni niliegeshe, Jumapili asubuhi nimwite Fundi. Mtoto bado wiki tatu. Kwa siku ya Sabato nani atahitaji gari?

Ijumaa ile mwezi wa saba mimi ndiye niliyeliosha. Nilipomaliza nililigeuza, pua ikatazama nyumba. Ombati alikuwa barazani akipaka viatu vyake rangi. Alinyanyua macho. "Leo umeiangalisha juu?" aliuliza. Nikamwambia nilitaka kuosha vizuri ile bodi ya nyuma, na kwamba nitaigeuza. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa ukubwa wa sindano. Ningeweza kumwambia ukweli. Lakini niliogopa atakataa, na zaidi ya woga nilitaka Jumapili iwe yangu, nisimame uani mbele yao wote nikiwa nimeshinda. Jikoni Kemunto alikuwa anafunika sufuria za kesho. Alikuwa ameshika kiuno. "Mgongo tu," alisema. "Nenda usalimie mama yako, usichelewe gari la Marani." Alinifungia ndizi tatu kwenye gazeti. Nilienda. Gari nililiacha vile vile.

Jumapili nilirudi nikiwa na furaha ambayo bado naionea aibu. Nilipanda mlima haraka, nikirudia kichwani maneno nitakayomwambia Fundi Saidi. Kwenye kona ya mwisho niliona pikapu haiko mahali nilipoiacha. Ilikuwa kando ya lango, matope mpaka mlangoni, na uani kulikuwa na watu wengi kupita kiasi kwa Jumapili, wanawake wameketi chini. Fundi Saidi alikuwa amesimama peke yake karibu na mgomba. Aliponiona alikuja mbio, akanishika mkono akanirudisha nyuma ya kona, kwa sababu aliuona uso wangu na akajua nimekuja kufanya nini.

Aliniambia yote pale barabarani. Uchungu ulianza Jumamosi alfajiri. Ombati alikuwa tayari kuivunja Sabato, mchungaji mwenyewe angemwambia aivunje, akakaa kwenye usukani na kuzungusha stata mpaka betri ikaisha. Hakukuwa na moshi. Majirani wakaja kulisukuma, lakini pua ilikuwa juu. Wakaliachia kinyumenyume ili waligeuze, likatumbukia kwenye mtaro wa shamba la chai. Ndipo mtu akatumwa sokoni kumwita Fundi. Alifika, akafungua boneti, akabonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio, akaikuta tupu, laini kama mfuko usio na kitu. Akaibonyeza mpaka ikawa ngumu, wakaazima betri ya trekta, gari likawaka, wakalivuta. Asubuhi nzima ilikuwa imekwisha. Mtoto, msichana, aliifikia hospitali akiwa hai. Mama yake alifika bila damu ya kutosha, na adhuhuri akaaga dunia.

Fundi Saidi alivua kofia yake, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya, akaikunja mikononi. "Bosi," alisema, "ulikuwa sahihi. Ni ule mpira."

Nimeambiwa maneno mengi mabaya maishani mwangu na hakuna lililonichoma kama hilo. Niliketi chini kwenye majani yenye umande nikalia kwa sauti mpaka akaniziba mdomo kwa mkono wake wenye harufu ya dizeli. Baadaye alisema, "Mimi sitamwambia Ombati. Hili ni lako. Utamwambia wewe, siku utakayoweza." Jumatatu alibadilisha mpira ule mwenyewe, peke yake. Mimi nilifunga nguo zangu. Chumbani ndizi zilikuwa zimeiva kupita kiasi, hakuna aliyezikumbuka. Birika la chai ya gari lilikuwa mahali pake kando ya mafiga.

Siku ya kuweza haikufika. Fundi Saidi alikufa akiwa ameitunza siri yangu. Ombati hakuoa tena. Alimlea binti yake kwa msaada wa dada zake. Nilikutana naye mara nyingi, sokoni Kisii, kwenye harusi, mara moja pale Sironga binti alipokuwa shuleni, na kila mara alinisalimia kwa mbali, akaangalia pembeni, akaondoka. Nilijua maana yake. Aliniona nikiligeuza gari, alinisikia nikidanganya, na alikuwa mtu wa dini, akachagua kutonilaani. Nililichukua lile jicho la pembeni kama hukumu yangu na nikaitumikia. Gerejini kwangu hakuna gari linalolala pua juu. Mafundi wangu hudhani ni ushirikina.

Jumatano alfajiri nilifika Nyaramba na begi la spana. Ukungu ulikuwa ule ule. Kemunto alinipokea langoni, mwanamke wa miaka thelathini na sita mwenye mwili mdogo, na aliposema "Karibu, mama" nilikisikia kicheko kikubwa kikiwa kimejificha ndani ya huzuni yake, nikashika lango. Pikapu ilikuwa uani. Wapwa wa mzee walikuwa wameitoa kibandani siku mbili kabla, wakaiosha kwa ajili ya safari, wakaiacha ikitazama nyumba. Ndipo nilipoona kitu kingine. Kibanda chenyewe kilikuwa kimejengwa juu kabisa ya ua, na udongo ulikuwa umechimbwa kwa jembe, mteremko mmoja laini kutoka kibandani mpaka barabarani. Kuchimba vile si kazi ya wiki moja.

"Alichimba akiwa peke yake, nikiwa mdogo," Kemunto alisema. "Hakutaka mtu amsaidie."

Nilifungua boneti. Nilibonyeza pampu ya mkono nikaikuta laini, tupu; mpira ulikuwa umezeeka tena. Nikajua nikingoja kidogo tu nitanyamaza tena, kama nilivyonyamaza miaka yote. "Kemunto," nilisema bila kugeuka, "siku uliyozaliwa, mimi ndiye niliyekuwa nimeliegesha hivi. Nilitaka kulipima. Nilimdanganya baba yako."

Akaja akasimama kando yangu, tukiitazama injini wote wawili.

"Najua," alisema. "Tata alikuona. Alisema ulipoenda, mama yangu akazidi kulalamika mgongo, na yeye akatoka na ufunguo ageuze gari. Akafika mpaka mlangoni mwa gari. Jua lilikuwa limezama sasa hivi tu. Akasema, Sabato imeingia, wacha ikae." Alifuta macho kwa ncha ya leso. "Miaka hiyo yote alikuwa anasema ule mkono wake ulikuwa kwenye mlango. Nilimwambia akutafute, muongee. Alikataa. Alisema, 'Yule msichana aliondoka kwangu akilia. Nitamwangalia na macho gani?' Alikuwa anakuonea haya, mama."

Nilibonyeza ile pampu ndogo, tena na tena, mpaka ikaanza kuwa ngumu chini ya kidole gumba. Kemunto aliingia kwenye usukani. Nilimwambia asubiri hita kwanza, ahesabu polepole mpaka kumi na tano, na nilimsikia akihesabu kwa sauti, kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, kama mtoto. Stata ikazunguka. Moshi mweupe ukatoka, injini ikashika, na pikapu ikanguruma pale pale, pua ikiwa juu.

Aliichungulia nyumba kupitia kioo akauliza kama aizime, twende tukanywe chai kwanza. Nilimwambia asiizime. Nikapanda upande wa pili, tukaligeuza gari, tukateremka kwenda Nyamira kumchukua baba yake.